Kipande cha Fainali

Niliingia Riyadh katika miaka ile ambayo kila kijiji cha kwetu, magharibi mwa Kenya, kilikuwa na ajenti wake. Walikuja hadi makanisani, wakaingia kwenye vyama vya akina mama, wakatuambia Saudia kuna kazi za nyumbani na tikiti tunapewa. Mume wangu nilikuwa nimeshamzika. Binti yangu alikuwa darasa la sita. Mama yangu bado alikuwa na nguvu za jembe, nikamwachia mtoto, nikaenda. Tulipotua Riyadh tuliketishwa sakafuni kwenye chumba kimoja, wanawake wengi tuliofungwa vitambaa vya rangi moja kichwani, kila mmoja akingoja kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, aje amchukue. Wangu alikuwa daktari wa mifupa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Njia nzima hakuniuliza neno isipokuwa kama nimekula.

Nyumbani nilitarajia kumkuta mwanamke wa Kisaudia. Nikamkuta Mzungu aliyejitanda shela, mwembamba, mikono yake mikubwa kuliko mwili. Alikuwa mzaliwa wa nchi ya theluji huko Ulaya. Daktari alimkuta huko alipokuwa akisoma udaktari, akamwoa, mke akasilimu, wakaja kuishi Riyadh. Walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, rika moja na wangu. Ghorofa ya juu aliishi mama mzazi wa daktari.

Chumba cha katikati cha nyumba ile kilikuwa kimetundikwa mazulia ukutani na dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa mablanketi. Humo ndimo ilimokaa piano. Mama mkwe hakuipenda. Hakuwahi kuikataza kwa mdomo, lakini sauti ikimfikia alikuwa akigonga sakafu kwa bakora, na madam, ndivyo nilivyomwita yule Mzungu, akawa anaongeza blanketi. Msichana alifundishwa humo kila siku akitoka shule, na mama yake ndiye mwalimu. Mimi nilipiga pasi humo humo, kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa na baridi ya mashine, na kanzu za daktari hazikwisha.

Kwa wiki za kwanza nilisikia tu. Kisha siku moja nikajikuta ninavumisha pamoja na piano. Mimi ni mtu wa kwaya. Nimeimba alto tangu utotoni, nimejifunza do-re-mi ubaoni kanisani, na shuleni tuliwahi kufika mashindano ya mkoa, tukashindwa, tukarudi tukilia ndani ya lori. Sikio langu halijui kukaa. Piano ikanyamaza, nikajua nimeharibu. Madam akageuka, akaniuliza ninaimba nini. Nikasema samahani madam, halas, siimbi tena. Akasema hapana, niimbe. Nikaimba. Akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, akanieleza kwamba nimeikosea, pale mwisho sauti inashuka, haipandi. Akanionyesha kwa kidole kimoja. Niliirudia mpaka ikakaa. Msichana naye alicheka, akifurahi kwamba leo anayesahihishwa si yeye.

Tangu siku hiyo madam akawa ananihadithia. Tulikuwa na Kiingereza chake cha kuchechemea, na changu, na Kiarabu cha jikoni, na tuliviunga vyote vitatu. Hadithi yake kubwa ilikuwa moja: mashindano ya piano ya mji wao. Niliipata vipande vipande, nyama ikichemka, mchele ukichambuliwa, kwa miaka.

Yalikuwa mashindano ya dunia nzima, na huja mara moja tu kila baada ya miaka minne. Yalianza vita vikuu vilipokwisha, wakati nusu ya mji ilikuwa kifusi. Ukumbi wa kwanza haukuwa na vioo madirishani, na washindani walipiga piano wakiwa wamevaa glavu zilizokatwa ncha za vidole. Hoteli hazikuwepo. Watu wa mji wakajitolea vyumba vyao. Mama mwenye nyumba analala jikoni na wanawe, mgeni analala kitandani na kukatiwa kipande kikubwa cha mkate, na mkate wenyewe ulikuwa wa kugawiwa kwa kipimo. Hoteli zilipojengwa desturi haikufa. Mpaka leo, madam alisema, kila mshindani anakaa nyumbani kwa mtu, na mama wa nyumba hiyo huketi ukumbini akitetemeka kama aliyemzaa.

Mashindano yalipewa jina la mtunzi wa hapo ambaye watu wake mwenyewe walimwacha afe peke yake katika chumba cha kupanga. Walipokuja kumjua walikuwa wameshalisahau hata kaburi. Madam aliamini kwamba yale mashindano yalianzishwa kwa aibu.

Washindi aliwahadithia kama jamaa zake. Wa kwanza alikuwa binti wa mwoka mikate. Mwaka mmoja majaji walikataa kumpa mtu yeyote nafasi ya kwanza, na watu wa mji wakaandamana kwenye theluji. Mwaka mwingine mshindani alizuiwa mpakani na serikali ya kwao; zamu yake ilipofika, piano iliachwa wazi jukwaani, ukumbi ukakaa kimya muda wote ambao angepiga. Kuna aliyeshinda akazunguka dunia. Kuna aliyeshinda akarudi kwao, akafunika piano, akafuga nyuki. Watoto wa mji ule, alisema, wanayajua majina yao kwa mpangilio.

Nikamwambia kwetu wakimbiaji ndio wanaokumbukwa hivyo.

"Afadhali wakimbiaji," akasema. "Wao wanaamuliwa na saa. Sisi tuliamuliwa na watu waliochoka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa mshindani. Alikuwa amezaliwa mtaa wa pili kutoka ukumbini. Tangu akiwa na miaka mitatu alikalishwa mbele ya piano, na tangu hapo watu wa kwao walimwambia siku moja utapiga pale. Alipofika umri wa miaka ishirini, akapiga. Akavuka raundi ya kwanza, akavuka ya pili, akaingia fainali. Hata wa mji ule ule, ukishakuwa mshindani unahamishiwa nyumba ya mwenyeji, na yeye alipelekwa kwa bibi kizee mmoja mjane. Bibi yule alikuwa na mpangaji, mwanafunzi wa udaktari, Mwarabu mrefu asiyesema.

Fainali unapiga pamoja na okestra nzima. Madam aliingia na kipande chake, akakipiga vizuri mpaka sehemu ya mwisho, na hapo kumbukumbu ikamtoka. Hakusahau noti moja. Alisahau yote, hata mikono hakujua ni ya nani. Okestra haisimami. Ikaendelea bila yeye, watu wanaangalia, kisha akakamata njia mahali fulani mbele, akaingia, akamaliza. Wakampigia makofi marefu. Aliniambia makofi yale ndiyo yaliyomuumiza zaidi, kwa kuwa alijua ni ya huruma.

Alirudi nyumbani kwa yule bibi. Wote waliokuwepo walikuwa na la kumwambia: kwamba bado ni mdogo, kwamba kuna mwaka mwingine, kwamba hata mkubwa fulani aliwahi kusahau. Yule mwanafunzi wa Kiarabu akamtengenezea chai, akamwekea mbele, akaketi upande wa pili wa meza, hakusema neno mpaka chai ikaisha.

"Alininyamazia," madam alisema. "Nikaolewa naye kwa sababu hiyo."

Hakurudi mashindanoni tena. Lakini kile kipande cha fainali hakukiacha. Alikuja nacho Riyadh, na binti yake alipokuwa na mikono ya kutosha akaanza kumfundisha kipande kile kile.

Hapa ndipo na mimi nilipoingia. Kipande cha okestra hakiwezi kufundishwa kwa piano peke yake, maana kuna mahali piano inanyamaza ikingoja wengine, na kuna mahali inajibizana nao. Okestra hatukuwa nayo. Madam akawa anaimba fidla. Mimi nikapewa pembe, zile tarumbeta za sauti nzito, kwa sababu hazina mambo mengi: zinangoja, zinangoja, kisha zinaingia kwa sauti moja ndefu. Alinifundisha wakati wa kuingia kwa kunigusa bega. Baadaye hakunigusa tena. Ndivyo tulivyokuwa, wanawake watatu katika chumba cha mablanketi, mmoja anapiga, mmoja anaimba fidla zote za duniani, mwingine anaimba pembe na pasi mkononi. Kuna siku tulikipiga kipande kile mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na tulipomaliza madam alituangalia kama mtu aliyeamka usingizini, akasema yalla, chakula cha baba kitachelewa.

Sitasema maisha yote katika nyumba ile yalikuwa hivyo. Nilifanya kazi kuanzia alfajiri, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilikaa kwenye kabati la daktari. Binti yangu nilimsikia kwa simu siku za Ijumaa. Alikuwa akinieleza mambo ya shule kwa ufupi, kama anayesoma ripoti, kisha anampa bibi yake simu. Nilikuwa nikikata simu ile ninakwenda chumba cha piano nikimkuta mtoto wa mwenzangu ameinama, shingo yake nyembamba, mama yake amesimama nyuma yake akimpangusa jasho. Kuna siku wivu ulinijia nikatoka nje kuanika nguo ambazo hazijafuliwa vizuri.

Daktari alipopata kazi katika hospitali moja Jeddah tulihamia mtaa wa Aziziya kule, na mama mkwe akabaki Riyadh kwa mwanawe mwingine. Piano ilisafirishwa kwa lori ikiwa imefungwa kwa yale yale mablanketi. Madam alidhani sasa atafungua madirisha. Lakini tulikuwa ghorofani, majirani juu na chini, na mumewe akamwomba ayazibe tena. Halafu ile hewa ya bahari ikaanza kuila piano. Ilikuwa ikipoteza sauti kila mara, na fundi mmoja Mfilipino alikuwa akiitwa kuirudisha. Madam alikuwa mkali sana Jeddah. Mashindano yalikuwa yamekaribia na msichana alikuwa amefika umri. Alimfundisha asubuhi kabla ya shule na mchana baada ya shule, na kosa moja lilirudiwa mpaka mtoto midomo inakauka.

Siku moja madam alikuwa amelala kwa maumivu ya kichwa na msichana alikuwa akijizoeza peke yake. Nilimpelekea maji. Alikuwa ameacha kupiga, mikono imelala mapajani. Mimi aliniita dada. Ni neno nililomfundisha mwenyewe akiwa mdogo.

"Dada," akasema, "nikipiga, mama hanisikii mimi. Anamsikia yule msichana wa kule."

Nilimuuliza msichana gani, ingawa nilikuwa nimeelewa. Akasema, yule aliyesahau.

Nilikaa na neno lile siku kadhaa. Halafu nikamwambia mama yake. Nilimwambia tukiwa jikoni tumeketi tunachambua majani ya mulukhia, na nilimwambia kama lilivyo, nikaongeza kwamba mimi pia ni mzazi, anisamehe. Madam hakuinua macho. Aliendelea kuchambua mpaka majani yakaisha kwenye sinia, akayakusanya, akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua. Sikujua kama amenikasirikia. Lakini kuanzia wiki ile alianza kutoka chumbani mtoto akipiga. Alikuwa akiketi na mimi jikoni, mgongo ukutani, akisikiliza kwa mbali, na kosa likitokea vidole vyake vinakunjamana, lakini haendi.

Daktari alimrekodi binti yake kwa kamera ya kukodi, rekodi ikatumwa. Jibu lilipokuja kwamba amekubaliwa kuja kushindana, mama na mtoto walishikana katikati ya ukumbi wa nyumba wakilia, na mimi nikalia nao. Miaka ile msichana hakuweza kusafiri bila ruhusa ya baba yake. Daktari aliitoa siku hiyo hiyo. Nadhani na yeye alikuwa na kiu ya kuiona tena ile nyumba ya bibi kizee, ingawa bibi mwenyewe alikuwa ameshakufa na sasa alikaa binti yake. Aliandika barua kuomba msichana apokelewe pale, wakamkubali.

Tikiti zilikuwa tatu. Siku chache kabla ya safari madam akasema yeye haendi. Mumewe alidhani ni hofu ya kurudi pale alipoanguka, akambembeleza kwa namna yake, yaani alimwekea pasipoti mezani. Hakuigusa. Mimi aliniambia sababu, tukikunja nguo za msichana za safari.

"Nikienda atapiga kwa ajili yangu," alisema. "Nikibaki, pengine atapiga kwa ajili yake mwenyewe."

Wakaondoka wawili. Tukabaki wawili.

Mashindano yalionyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao, mchana wa Jeddah. Madam aliweka kompyuta juu ya piano. Nilileta kiti, hakukaa. Tulimwona mtoto wetu akitokea pembeni mwa jukwaa, mdogo kuliko nilivyomzoea, gauni la kijani lililoshonwa na fundi wa Aziziya, nywele amezifunga vizuri. Alipiga raundi ya kwanza kama mtu anayesoma somo alilolijua. Akavuka. Tukapika biriani siku hiyo bila mgeni yeyote.

Raundi ya pili ndiyo ninayoikumbuka. Alipiga polepole kuliko alivyofundishwa. Nilimwona madam akifungua mdomo kumkataza, kisha akaufumba. Palikuwa na mahali mama yake alikuwa amemsisitizia miaka yote apige kwa nguvu, yeye akapapiga kwa upole kabisa, na kamera ikawaonyesha watu wa mbele wameinamisha vichwa. Sikujua muziki ule unatakaje. Nilijua tu kwamba sikuwahi kuusikia hivyo katika nyumba yetu. Madam alisimama muda wote, kiganja chake juu ya kifuniko cha piano, na machozi yalikuwa yakimdondoka bila sauti.

Jioni majina ya walioingia fainali yakasomwa. Lake halikuwemo.

Nilitazamia kilio, hakikuja. Madam alisema waliochaguliwa walistahili, akaenda kuosha vyombo ambavyo ilikuwa kazi yangu kuosha, nami nikamwacha. Baada ya hapo wakaonyesha mazungumzo mafupi na wale walioishia njiani. Mtangazaji alimuuliza msichana alifundishwa na nani. Akajibu kwa lugha ya mama yake, akitabasamu, kwa uchovu. Mimi sikuelewa. Nilimwona tu madam amesimama mlangoni, mikono ina povu. Nikamuuliza amesema nini.

"Amesema, mama alinifundisha, sasa ninatafuta mwalimu."

Mtoto hakukusudia ubaya. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na nina hakika. Alikuwa amesema ukweli wake kama vijana wanavyousema, bila kuangalia utamwangukia nani. Na mwalimu alipatikana upesi. Mmoja wa majaji alimwendea nje ya ukumbi akamwambia kuna nafasi katika darasa lake. Msichana akamwomba baba yake, baba akakubali, akasaini kila kilichotakiwa, na yule binti wa bibi kizee akasema chumba kipo. Yote haya yalifanyika kwa siku tatu, na hakuna aliyempigia madam kumuuliza.

Daktari alirudi peke yake na masanduku mawili. Moja lilikuwa la msichana, lenye nguo za joto la Jeddah ambazo huko hazina kazi. Aliliweka ukumbini. Madam akamuuliza mtoto yuko wapi, ingawa nadhani alikuwa ameshajua tangu alipoona sanduku. Daktari akasema amebaki kusoma.

"Hukuniuliza," madam akasema.

Daktari akavua viatu, akaketi. Nikamletea chai. Alikunywa ikaisha, madam amesimama mbele yake akingoja, na hakusema neno. Niliitazama sura ya madam nikaona mtu anayekitambua kitu alichokipenda miaka yote, na sasa hawezi kukivumilia.

Wiki kadhaa baadaye alinikuta nimemaliza kuzungumza na nyumbani. Siku hiyo binti yangu alikuwa ameniambia ana mitihani, hana muda, tutaongea. Madam akaketi kwenye kitanda changu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Sasa mimi na wewe tuko sawa," alisema. "Watoto wetu wamo ndani ya simu."

Nilitaka kumwambia hatuko sawa. Wake alikwenda kufuata anachokipenda, na pasipoti yake iko mkononi mwake. Wangu mimi ndiye niliyemwacha, nikimfuatia karo. Lakini nilipomtazama, alikuwa amejikunja kama mtu anayesikia baridi katika joto lile la Jeddah, nikamshika mkono, tukakaa.

Kile kipande cha fainali msichana hakukipiga jukwaani kamwe. Mwalimu wake mpya alimwanzishia mambo mengine. Miaka ile yote ya Riyadh na Aziziya, fidla zile zilizoimbwa kwa mdomo, ukitutoa sisi watatu na kuta zile, hakuna aliyezisikia. Madam alinitajia jambo hilo mara moja tu. Baada ya hapo alifunga kifuniko cha piano, na mimi nilikuwa nikipangusa vumbi juu yake kila asubuhi kama ninavyopangusa kabati. Fundi wa Kifilipino hakuitwa tena. Simu za msichana zikaanza kuwa fupi. Mama yake alikuwa akizipokea amesimama, na zikiisha anasema amekula, yuko salama, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kujua.

Mkataba wangu ulipoisha daktari alinitaka niongeze. Nilikataa kwa sababu mama yangu alikuwa amechoka na binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne bila mimi kuona hata sare yake. Siku ya kuondoka madam alinifunga mwenyewe mtandio shingoni, akasema ndege zina baridi. Alitaka kusema kitu kingine, akageuka, akaenda kuwaambia waliokuwa kwenye lifti wasubiri.

Nyumbani nilimkuta binti yangu mwanamke mzima. Alinipa mkono, akanikaribisha ndani, akaniuliza kama chai ninakunywa na sukari. Tunaendelea kujifunzana. Kuna siku zinakwenda vizuri.

Mashindano yalikuja tena baada ya miaka minne. Niliyatafuta kwenye simu, nikaangalia washindani wote, msichana wa madam hakuwemo. Nikamwandikia nikimuuliza. Alijibu kwamba hatashindana tena, anafundisha watoto wadogo wa mji ule, na ile nyumba ya bibi kizee, ambayo bado anakaa, safari hii ilimpokea kijana kutoka mbali na yeye ndiye aliyekuwa akimpikia uji asubuhi. Alionekana ana amani. Nikafurahi kwa ajili yake, kisha nikawaza jinsi mama yake atakavyolipokea hilo, nikazima simu.

Madam alifariki Jeddah, ghafla, mchana, akiwa jikoni. Huko maiti haikai. Alizikwa siku ile ile, na msichana alipotua alikuta kaburi. Alinipigia akiwa Aziziya. Mwanzo tulilia tu. Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomfanya apige.

"Dada, tangu nilipoondoka, mama alikuwa anapiga piano?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia hapana, mwanangu, mpaka ninaondoka mimi hakuifungua tena.

Kisha akasema kwamba miaka yote ile, kila alipouliza, baba yake alimwambia mama anapiga kila siku, anapiga vizuri, asiwe na wasiwasi. Yule mtu asiyesema. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo, na yalikuwa ya uongo, na nilimsikia msichana akilia kwa ajili ya baba yake pia.

Tulikaa kwenye simu bila kuongea mpaka bando langu likaisha. Nilipopata jingine nilimpigia, hakupokea. Alipokea kesho yake. Alisema ameifungua piano ile na zaidi ya nusu ya sauti zake zimekufa kwa chumvi, na baba yake amekaa pale karibu naye tangu asubuhi. Nikamuuliza kama wamekula. Akasema bado. Nikamwambia aende akamwekee baba yake chakula, na yeye ale, nitamngoja.